Kilemba na Shungi: Historia ya Maneno Mawili ya Kichwani kutoka Pwani hadi Milima ya Usambara



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni maneno mawili, kilemba na shungi, pamoja na jamaa zake. Huenda msikilizaji akaona kwamba vitambaa vya kichwani na misuko ya nywele ni mambo ya dukani na ya msusi, wala hayana nafasi katika ukumbi wa chuo kikuu. Lakini kichwa ndicho kiungo kinachoonekana kwanza mtu anapokuja kwa mbali, na katika jamii zetu kilichokaa kichwani kilieleza mengi kabla mwenyewe hajafungua kinywa: kama ameolewa au hajaolewa, kama yumo katika matanga, kama ni mwanachuoni au mwanafunzi, kama ni mwungwana au mtumwa. Neno linalotaja kitu chenye kazi kama hiyo haliwezi kukosa historia.

Ipo rai iliyoenea sana, hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba maneno ya Kiswahili yanayohusu heshima, mavazi na adabu yametoka ng'ambo ya bahari, na kwamba yale ya jembe, chungu na kinu ndiyo ya asili. Wanaoitetea rai hii huitaja kanzu, huitaja kofia, kisha hukitia na kilemba humo humo. Nakusudia kuonyesha kwamba kwa upande wa kilemba na shungi mambo hayako hivyo. Nguo yenyewe iliweza kuja kwa jahazi; jina lilikuwa tayari nchini likiingoja. Aidha, nitaonyesha kwamba kujua asili ya neno hakutoshi, kwa kuwa maana ya kilemba ilikuzwa na mambo mazito zaidi ya sarufi: ndoa, ufalme, biashara ya misafara, na utumwa.

Nimechagua kuyafuata maneno haya kutoka pwani hadi Milima ya Usambara kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya kiisimu. Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu ni lugha za kundi ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Sabaki, wanaliita Seuta. Kundi hilo ni jirani na ndugu wa Sabaki, ambamo Kiswahili kimo. Sababu ya pili ni ya kihistoria. Katika karne ya 19 ufalme wa Wakilindi, uliokuwa na makao yake Vugha, uliikabili pwani kila siku: uliitawala kwa sehemu, uliiogopa kwa sehemu, na mwishowe ulivunjwa na bidhaa zilizopandishwa kutoka huko.

2. Tabaka za maneno ya kichwani

Mwanafunzi wa etimolojia anaweza kukitazama kichwa cha Mswahili kama mchimbaji wa mambo ya kale anavyotazama shimo lililochimbwa: kila tabaka lina udongo wake. Tabaka la Kiarabu ni nene. Humo tunapata kofia, tarbushi, hijabu, na barakoa, neno lililokuwa likitaja kifuniko cha uso cha wanawake wa kiungwana, nalo likafufuka kwa maana nyingine mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19. Tabaka la Kiajemi limetuachia dusumali, kitambaa cha hariri cha kujifunga kichwani, ambacho asili ya jina lake ni dastmāl, yaani kitambaa cha mkononi. Tabaka la Kireno limetuachia leso, kutoka lenço. Kila jina kati ya haya lina cheti chake cha kuzaliwa, na mwanaisimu hapati taabu kukisoma.

Chini ya tabaka hizo yapo maneno yasiyo na cheti cha ng'ambo. Mtandio umetokana na kitenzi kutanda, kama vile mfuniko ulivyotokana na kufunika. Denge, mtindo wa kunyoa nywele na kuacha duara utosini, halina shaka ya ugeni katika masikio ya Mswahili. Sunzu ni kishada cha nywele kilichoachwa juu ya kichwa. Msuko ni zao la kusuka, kitenzi kile kile kinachotumika kwa ukili, mkeka na nywele. Hata majina ya misuko, kama twende kilioni, yameundwa kwa Kiswahili chepesi kinachosema chenyewe: huo ni msuko wa haraka, wa mtu aliyepata habari ya msiba na hana wakati wa kukaa chini ya mikono ya msusi kutwa nzima.

Katika tabaka hilo la chini ndimo ninamokiweka kilemba na shungi. Sasa nawajibika kutoa ushahidi.

3. Kilemba si kama kitabu

Wanafunzi wengi hudhani kwamba neno likiwa na ki- umojani na vi- katika wingi, basi ni la Kibantu. Dhana hii haitoshi. Kitabu huwa vitabu, na hali tunajua kwamba neno hili ni la Kiarabu, lenye konsonanti za mzizi k-t-b. Waswahili walilisikia likianza na ki-, wakaliingiza katika ngeli ya ki-/vi- kwa kufananisha. Kwa hiyo ki- ya kilemba nayo inahitaji kujaribiwa kabla ya kuaminiwa.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Tuondoe kiambishi tuone kinachobaki. Tukiondoa ki- katika kitabu, hubaki kipande kisichokuwa na maana yoyote ya kitabu. Kinachofanana nacho kwa sauti, yaani tabu, ni neno jingine kabisa. Tukiondoa ki- katika kilemba, hubaki lemba, wingi wake malemba, neno linalotumika kwa kilemba kikubwa. Uhusiano huu ndio ule ule wa kikapu na kapu, kidole na dole, kikombe na kombe. Shina limesimama peke yake, likapokea kiambishi cha udogo au cha ukubwa kama yapokeavyo mashina ya kale ya lugha.

Jaribio la pili ni la kutafuta mkopeshaji. Tukisema neno limekopwa, tuonyeshe aliyelikopesha. Kwa Kiarabu nguo hii huitwa ʿimāma, kutoka mzizi ulio mbali sana na l-m-b. Kwa Kiajemi huitwa dastār. Na lipo neno jingine la Kiajemi, dulband, ambalo kwa kupitia Kituruki lilizaa majina ya nguo hii katika lugha za Ulaya. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutoa lemba kwa kanuni yoyote inayojulikana ya mabadiliko ya sauti katika maneno ya mkopo ya Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi walikuwapo pwani kwa karne nyingi, vichwani mwao wamejifunga nguo hii, na bado wenyeji hawakuona haja ya kuazima jina lake.

Hapa nitoe tahadhari kwa vijana wanaoanza kazi hii. Mfanano wa sauti peke yake si undugu. Masikio yetu hupenda kukiunganisha kilemba na kuremba na urembo, maana l na r hubadilishana mara nyingi katika lugha za eneo hili, na maana nazo zinakaribiana. Lakini undugu wa maneno huthibitishwa kwa mfululizo wa maneno mengi yanayofuata kanuni moja, wala si kwa jozi moja inayopendeza. Milima ninayoizungumzia ni mfano mzuri wa jambo hili la l na r. Watu wa pwani waliiita Usambara, kwa r. Wamisionari wa Kijerumani waliiandika lugha yake Schambala, kwa l. Wenyeji huiita nchi yao Shambaai, pasipo l wala r. Jina moja, sauti tatu. Anayetaka kufuatilia neno katika lugha hizi sharti ajue kwanza l imepotea wapi na imebaki wapi.

4. Shungi, kishungi na ushungi

Neno la pili linatupa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa sababu shina lake limepita katika ngeli tatu na kila ngeli imelipa kazi yake. Shungi, wingi mashungi, ni nywele ndefu zilizofungwa au kusukwa, na pia ni nyoya au kishada cha manyoya kilicho juu ya kichwa cha ndege. Katika misitu ya Usambara yupo kororo, jamaa ya kanga, ambaye kichwani ana manyoya meusi yaliyosimama. Hayo ni shungi lake. Kishungi ni kishada kidogo, cha nywele au cha nyuzi. Ushungi ni nguo ambayo mwanamke hujifunika kichwani ikamwangukia mabegani.

Tazameni jinsi sarufi ilivyofanya kazi ya mshonaji. Kiambishi u- katika Kiswahili hupenda kukaa na vitu virefu au vilivyonyooka: uzi, ukanda, ufito, ukuta. Nywele zinazoning'inia kutoka kichwani ni shungi. Nguo inayoning'inia kutoka kichwani kwa mfano wa nywele ni ushungi. Lugha haikuhitaji kuomba neno kwa jirani. Ilichukua jina la nywele, ikalibadilisha kiambishi, ikapata jina la nguo inayozifunika nywele hizo hizo. Mwelekeo wa maana hapa hauna ubishi: mwili ulitangulia, nguo ikafuata.

Je, kilemba nacho kilipita njia hiyo hiyo? Kamusi kongwe zinatuonyesha kwamba kwa muda mrefu kilemba kimetaja nguo ya kichwani na vilevile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa cha jogoo. Mtu anaweza kusema kwamba jogoo amefananishwa na mzee aliyejifunga kilemba. Kwa maoni yangu, mfano wa shungi unaipa nguvu hoja ya upande wa pili. Jogoo alikuwapo katika boma za Wabantu kabla ya melimeli na bafta kufika; na lugha iliyoitoa nguo ya mwanamke katika nywele haishindwi kuitoa nguo ya mwanamume katika kichwa cha jogoo. Kwa vyovyote vile, maneno yote mawili yana wazo moja ndani yake: kile kilichosimama juu kabisa, kinachomtofautisha mwenyewe na wenzake.

5. Kutoka nguo kwenda malipo

Edward Steere katika mwongozo wake wa mwaka 1870, Ludwig Krapf katika kamusi yake ya mwaka 1882, na A. C. Madan katika kamusi ya mwaka 1903, wote walikutana na kilemba. Kamusi za wakati huo zinaeleza maana mbili pamoja: kwanza nguo, pili zawadi au malipo ya heshima. Fundi aliyemfundisha kijana kazi hadi akahitimu alipewa kilemba. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipewa kilemba. Katika posa, baba wa binti alipewa kilemba, na mara nyingi kilikuwa fedha wala hapakuwa na nguo yoyote iliyobadilisha mikono.

Desturi za ndoa za pwani, ambazo Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa miongoni mwa Waswahili wa kwanza kuzieleza kwa maandishi marefu, katika kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, zinatupa ufunguo wa maana hii. Kilemba cha baba hakikwenda peke yake. Mama alipewa mkaja, jina la nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Palikuwa pia na ubeleko, jina la nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Tukiyasoma majina haya pamoja, tunaona kwamba watu wa pwani hawakuyaita malipo hayo bei. Waliyaita kwa majina ya nguo, na kila nguo ilikuwa ya kiungo kilichofanya kazi ya kumlea binti: kichwa cha baba kilichobeba jukumu, tumbo la mama lililobeba mimba, mgongo uliobeba mtoto. Posa ilikuwa namna ya kuwavika wazee waliomlea bibi harusi. Mtu aliyesahau kwamba kilemba ni nguo atadhani ni kodi tu. Mtu aliyesahau kwamba ni heshima atadhani ni kitambaa tu.

Hapa ndipo msemo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka unapopata ukali wake. Ukoka ni majani yanayotambaa chini, yanayokanyagwa na kila mpita njia, wala hayanunuliwi. Anayekuvika kilemba cha ukoka amekupa umbo la heshima bila gharama yake: amekusifu mdomoni, na mkononi hakutoa kitu. Msemo huu usingeeleweka katika jamii ambayo kilemba kilikuwa kitambaa tu. Unaeleweka pale ambapo kila mtu anajua kwamba kilemba cha kweli kina thamani, na kwamba kinatoka mkononi mwa mtu anayewajibika kukitoa.

6. Vugha na Mazinde

Sasa tupande milimani. Katika miji ya Mrima, kuanzia kaskazini ya Tanga hadi Pangani na kusini zaidi, kilemba kilikuwa miongoni mwa alama za ujumbe. Jumbe hakujitwalia cheo. Alivikwa, akatoa karamu na malipo, na wenzake wakamkubali. Kwa hiyo swali la kisiasa katika miji hiyo lilikuwa: nani ana haki ya kuthibitisha? Krapf alipofika Vugha mwaka 1848, na mara ya pili mwaka 1852, alimkuta Mfalme Kimweri ye Nyumbai akidai mamlaka juu ya pwani hiyo, huku Sayyid Said wa Zanzibar naye akidai mamlaka hayo hayo. Wakubwa wa miji ya pwani walilazimika kutazama pande mbili, baharini na mlimani.

Kimweri mwenyewe, Simba Mwene kwa jina la cheo, hakutawala kwa sababu ya nguo. Steven Feierman, katika vitabu vyake vya mwaka 1974 na 1990, amechambua fikra za Washambaa kuhusu utawala. Mfalme alitazamiwa kuiponya nchi, kuzifya shi, na hasa kuleta mvua kwa wakati wake. Mfalme mbaya, au wakuu wanaoshindana nguvu kwa nguvu, huiharibu nchi, kubana shi, na njaa hufuata. Mali ya mfalme ilikuwa chakula na mifugo iliyopanda Vugha kama ushuru, kisha ikashuka tena kwa watu kama ukarimu. Heshima ya kichwa chake ilitoka kwa watu waliokula mvua yake.

Richard Burton na John Speke walifika Vugha mwezi Februari 1857, wakamkuta mfalme ni mzee sana. Alifariki mwaka 1862. Aliyemrithi ni mjukuu wake Shekulwavu, na aliyemshinda mjukuu huyo ni ami yake, Semboja. Semboja hakukaa Vugha. Alikaa Mazinde, chini ya milima upande wa magharibi, penye njia ya misafara inayopita bonde la Mto Pangani. Aliishi kwa desturi za pwani, akapokea nguo, bunduki na baruti kutoka kwa wafanyabiashara. Mtawala wa mlimani alikuwa na mvua. Mtawala wa nyikani alikuwa na shehena. Baada ya mwaka 1862 shehena ikashinda, na milima ikaingia katika vita vya Wakilindi wenyewe kwa wenyewe.

Historia hiyo tunaisoma kwa Kiswahili, wala si kwa Kijerumani wala Kiingereza peke yake. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi na kutumika kwa Wakilindi, aliiandika katika Habari za Wakilindi, iliyochapishwa kwa sehemu Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, na baadaye ikatolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kwa mwanaisimu, kitabu hiki kina thamani ya pekee: ni mambo ya milimani yaliyoelezwa kwa lugha ya pwani na mtu aliyezijua pande zote mbili. Humo tunaona kwa macho jinsi msamiati wa Mrima ulivyopanda Shambaai kabla hata Wajerumani hawajaweka boma lao Lushoto, mji waliouita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao.

7. Kichwa kilichoachwa wazi

Bidhaa zilizopanda mlimani zilikuwa na malipo yake, na malipo hayo yalikuwa watu. Katika vita vilivyofuata kifo cha Kimweri, wanaume, wanawake na watoto wa Shambaai na Bondei walikamatwa wakauzwa pwani. Hili ni jambo ambalo mwanafunzi wa maneno hana ruhusa ya kulipita kimya kwa sababu tu halimo katika kidahizo.

Katika miji ya pwani ya karne ya 19, kufunika kichwa lilikuwa jambo la waungwana. Mtumwa mwanamume hakutazamiwa kuvaa kofia wala kilemba mbele ya mabwana, na mjakazi hakuwa na haki ya kujifunika kwa namna ya bibi yake. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Zanzibar uliochapishwa mwaka 2001, ameeleza jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoanza kujifunika vichwa na kuvaa kanga baada ya utumwa kufutwa kisheria visiwani mwaka 1897. Bara, sheria ya kuufuta utumwa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922. Kwa wanawake hao, kipande cha nguo kichwani kilikuwa tamko la uhuru, nao walilitoa bila kuandika neno hata moja.

Tukirudi sasa kwenye maana, tunaelewa kwa nini maneno haya yalibeba uzito wote huo. Kilemba cha mmoja kilisimama juu ya kichwa kilichoachwa wazi cha mwingine. Mtu wa Mlalo au Bumbuli aliyetekwa akapelekwa Pangani alikuwa na shungi lake, maana nywele humea kwa kila mtu. Alichonyimwa ni ushungi. Tofauti ya kiambishi kimoja ilikuwa tofauti ya hali ya maisha. Sarufi ilikuwa imetoa nguo katika nywele kwa wepesi mkubwa. Jamii ikaweka ukuta kati ya hizo mbili.

8. Kilemba katika nyumba nyingi

Utawala wa Wakilindi ulipoangukia mikononi mwa Wajerumani, na Mputa wa Vugha akanyongwa mwaka 1895, wamisionari wa Bethel walikuwa wamekwisha kuanza kazi milimani. Mmoja wao, Karl Roehl, alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Baadaye aliifasiri Biblia kwa Kiswahili, Agano Jipya likatoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Uzoefu wake katika lugha za Kibantu ulimsaidia kuona utajiri ambao wengine hawakuuona. Hata hivyo, wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kuyazoea maneno ambayo yeye aliyaona ya kigeni, na tafsiri ya pamoja iliyokamilika mwaka 1952 ndiyo iliyoenea zaidi. Somo lake ni kwamba wasemaji hawaulizi neno limetoka wapi kabla ya kulipenda.

Kilemba kinathibitisha somo hilo kwa njia ya kinyume. Neno lenye shina la Kibantu liliwekwa kichwani mwa sheikh, na hakuna Mwislamu aliyelikataa kwa kuwa si la Kiarabu. Neno hilo hilo likaingia katika Biblia ya Kiswahili, katika sura ya 28 ya Kutoka, kwa vazi la kichwani la kuhani mkuu, na hakuna Mkristo aliyelikataa kwa kuwa ni la masheikh. Huko Kenya, waumini wa Akorino, kanisa lililozaliwa miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1920, wanajulikana kwa nguo nyeupe wanayojifunga kichwani, nayo kwa Kikikuyu huitwa kiremba, wingi iremba. Kikikuyu hakina l, hivyo sauti imebadilika kama kanuni inavyotaka. Katika Kiganda tunasikia ekiremba, kwa kuwa l ya lugha hiyo hugeuka r baada ya irabu e na i. Neno limepita mipaka ya dini na ya lugha, na kila mahali limevaa sauti za wenyeji.

Mabadiliko ya karibuni zaidi ni ya jinsia. Zamani kilemba kilikuwa kwanza cha mwanamume, na ushungi ulikuwa wa mwanamke. Siku hizi, mijini na vijijini, Lushoto kama Dar es Salaam, anayetajwa kuwa amepiga kilemba aghalabu ni mwanamke aliyejifunga kitenge au kanga kwa ufundi, hasa siku ya harusi au ibada. Ushungi kwa upande wake umerudi nyuma mbele ya mtandio na hijabu. Mtunzi wa kamusi ambaye bado anakieleza kilemba kwa kumtaja mwanamume peke yake hana budi kuyatazama matumizi upya.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kilemba na shungi ni maneno yaliyosimama juu ya mashina ya humu humu, na rai ya kwamba msamiati wa heshima wote umetoka ng'ambo haiwezi kuhimili jaribio la mofolojia. Pili, asili ya neno ni mwanzo tu wa historia yake. Kilemba kikawa malipo kwa sababu ya ndoa na ufundi, kikawa cheo kwa sababu ya ujumbe. Tatu, nguo ya heshima imewahi kununuliwa kwa watu wasiokuwa na heshima machoni mwa wanunuzi, na milima ya Usambara ni shahidi.

Kwenu wanafunzi, ninayo rai moja ya kazi. Kamusi ya Kishambaa ya LangHeinrich ya mwaka 1921 na orodha ya msamiati ya Profesa Ruth Besha ya mwaka 1993 zipo maktabani. Zichukueni mpande nazo Mlalo, Mtae, Bumbuli na Vugha yenyewe, mkawaulize wazee, na zaidi bibi zetu, majina ya misuko, ya vitambaa, ya kunyoa kwa msiba na kwa jando, na ya malipo ya posa. Yaandikeni kama yanavyotamkwa, kwa toni zake, na pamoja na sababu ambayo msemaji mwenyewe anaitoa. Mwenye kujua jina la msuko aghalabu ndiye aliyejifunza kuusuka, na elimu hiyo imo vidoleni mwake pamoja na ulimini. Akiondoka, vyote viwili huondoka.